Muulize Fundi: Shingo ya Ganda Ibane Kiasi Gani?

Nilipoandika juu ya kunoa visu sikupata barua hata tatu. Toleo lililopita nikagusia tu kwamba Jumamosi zangu hupotelea kwenye benchi la kujaza risasi, na sasa sanduku limefurika. Haya basi.

Kwa wasioijua kazi hii: ganda la brasi likishafyatuliwa hutumika tena. Unalirudishia umbo kwenye presi, unatia fataki mpya na baruti, kisha unakalisha kichwa cha risasi kwenye shingo ya ganda. Hakuna gundi wala skrubu, shingo ndiyo inayokishika kichwa. Vipimo vya baruti sitavitaja hapa hata mkiniita mchoyo. Vimo kwenye vitabu vya viwanda vinavyotengeneza baruti hizo, na humo ndimo vinamopaswa kusomwa.

Shikamoo Fundi. Niko Columbus, Ohio, asili yangu Moshi. Nina bunduki ya .308 ya kukoki kwa mkono, vichwa vya uzito wa greni 175. Muuzaji dukani aliniambia ninunue bushi ya 0.333, basi. Lakini nikikalisha vichwa, kimoja kinateleza kama siagi, kingine kinasaga hadi presi inalia. Kipima mwendo kinaonyesha tofauti ya futi 60 kwa sekunde kati ya risasi ya kasi na ya polepole, na kwenye yadi 600 matundu yangu yamepangana wima kama vifungo vya kanzu. Maganda ni ya kuokotwa uwanjani, nimeyafyatua kama mara sita, nayaosha kwa maji na pini za chuma hadi yanang'aa. Bushi sahihi ni ipi?

Marahaba, mdogo wangu. Muuzaji kukutajia bushi kabla hajaona ganda lako ni sawa na fundi cherehani kukukatia suruali kwa kusikia sauti yako kwenye simu.

Bushi ni pete ya chuma kigumu inayokaa ndani ya dai, yaani kile kifaa cha presi kinachorudishia ganda umbo, na kuibana shingo kwa nje. Huuzwa kwa hatua za elfu moja ya inchi, ambayo sisi wa karakana tunaiita thau. Thau moja ni milimita 0.025, yaani unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko hapo. Chukua risasi yako iliyokamilika, ambayo kichwa kimeshakaa, pima shingo kwa nje. Tuseme inasoma 0.336. Kichwa ni 0.308, kwa hiyo ukuta wa brasi ni 0.014 kila upande. Ukitaka mbano wa thau 2, yaani tundu la shingo liwe dogo kuliko kichwa kwa thau 2, shingo tupu isome 0.334. Ila brasi ikitoka kwenye bushi hujirudi kidogo, na iliyofyatuliwa mara nyingi inaweza kujirudi hadi thau nzima. Ndiyo maana bushi ya 0.333 huenda ikakuachia hiyo 0.334 uliyoitaka.

Kumbe muuzaji alipatia? Kwa ganda hilo, ndiyo. Sasa shika ganda la kiwanda kingine kutoka kwenye ndoo yako ya kuokoteza, lenye ukuta wa 0.0155. Likiwa na kichwa ndani, shingo yake inasoma 0.339. Lipitishe kwenye bushi ileile, lijirudi vilevile hadi 0.334, na una mbano wa thau 5. Presi ni moja, bushi ni moja, siku ni moja, lakini baadhi ya risasi zako zimebanwa kwa 2 na nyingine kwa 5. Mkono wako ulishagundua ugonjwa kabla hujaniandikia.

Kwa hiyo kabla ya kununua pete nyingine, panga maganda kwa kiwanda, na ukiweza kwa idadi ya mara yalizofyatuliwa. Yaliyobaki peke yake bila ndugu, peleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu au weka ya kufanyia majaribio. Najua inauma. Mimi mwenyewe nilikaa na ndoo kama hiyo miaka miwili kwa sababu ilikuwa ya bure, nikichoma baruti ya bei na vichwa vya bei juu ya maganda ya bure.

Nilijifunza kukereza chuma Chang'ombe, Dar es Salaam. Mwalimu wetu alikuwa na mchezo mmoja: anaweka mezani shafti tano zinazofanana kwa macho, anakupa beringi, anakuambia ipachike kwa nyundo ya mbao na useme kila shafti imezidi kiasi gani. Tulikuwa tunabahatisha kwa sauti na kwa jinsi mkono unavyorudishwa. Ndiyo kazi unayoifanya na presi yako. Lakini beringi na shafti ni vyuma vigumu, ukizidisha thau moja unaisikia. Brasi ya shingo ni kiumbe kingine. Mbano ukipita thau 3 hivi, brasi inakubali tu kutanuka, na kichwa chenyewe ndicho kinachofanya kazi ya kupanua shingo. Thau 5 haikupi mshiko maradufu. Inakupa vichwa vilivyokwaruzwa shaba yake na vingine vilivyokaa upande kama kofia ya mlevi.

Jambo la pili, fungua hiyo dai uitazame ndani. Nyingi huja na fimbo katikati yenye tufe dogo la kupanulia shingo wakati ganda linatoka. Kama tufe hilo limo, na ni kubwa kuliko tundu lililoachwa na bushi, basi bushi yako haiamui chochote. Tufe ndilo linaloamua, tena linapita likitoka, linaivuta shingo kuelekea juu, na shingo isiyopakwa mafuta ndani huvutwa ikapinda. Wengi hununua bushi tatu nne, wakajaribu zote, wakashangaa kwa nini hakuna kinachobadilika. Toa tufe, au angalau paka shingo kwa ndani unga wa grafaiti.

Mimi siku hizi natumia mandreli: fimbo ya chuma iliyosuguliwa, inayoingia shingoni kutoka juu badala ya kuvutwa kutoka chini. Kwanza bushi inabana zaidi ya ninavyotaka, kama thau 2 zaidi, kisha mandreli ya 0.306 inafungua. Brasi ikijirudi nusu thau nabaki na 0.3055 ndani, mbano wa thau mbili na nusu. Kisa ni kwamba ukuta wa shingo hauna unene mmoja kuzunguka pande zote, na kasoro hiyo lazima ikae mahali. Bushi inalainisha nje, kasoro inasukumwa ndani, penye kichwa. Mandreli inalainisha ndani, kasoro inakwenda nje, ambako chemba ya bunduki ina nafasi ya kuivumilia. Kuna wanaokereza shingo kwa nje ili kuimaliza kabisa. Kwa mashindano ya kupiga toka mezani wana sababu. Kwa yadi 600 na bunduki ya kawaida, wewe usijitese.

Tumefika kwenye ugumu wa brasi, ambao kwangu ni mkubwa kuliko bushi. Kila unapofyatua, kubana na kupanua, brasi inazidi kuwa ngumu, kama waya unaoukunja na kuukunjua. Ganda la mara ya kwanza na la mara ya sita, yote yakisoma 0.334, hayashiki sawa: gumu linajirudi zaidi kwenye dai, halafu linamkaba kichwa kwa nguvu nyingine. Dawa ni kulainisha shingo kwa moto. Ganda tupu, lisilo na fataki, unalizungusha kwa drili taratibu, ncha ya moto wa gesi ikilamba shingo na bega kwa sekunde chache. Zima taa za chumba. Rangi nyekundu ikianza tu kuonekana kwa mbali umeshafika, na wengine watakuambia umeshapita kidogo. Ndiyo maana ni bora zile rangi za kupimia joto, unazopaka ndani ya shingo, zinazoyeyuka kama kwenye nyuzi 400 za Selsiasi. Ukizidisha, shingo inakuwa kama bati la sigara, haijirudi wala haishiki kitu. Na kitako cha ganda kisiguswe na joto hata kidogo. Hicho ndicho kinachozuia gesi isikurudie usoni, na ugumu wake ukishapotea ganda hilo ni la kutupwa.

Nawapenda sana Waingereza wa karne ya 19 kwa somo moja walilolipata bila kupenda. Huko India waliweka risasi zao kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua za monsuni, na shingo zikaanza kupasuka zenyewe bila mtu kuzigusa. Chanzo kilielezwa vizuri mwaka 1921 tu: amonia itokayo kwenye mkojo wa wanyama, ikikutana na brasi yenye mkazo uliobaki ndani tangu ilipobanwa kiwandani. Kulainisha kwa moto kuliondoa mkazo huo. Kile kivuli cha bluu na kahawia unachokiona kwenye shingo za maganda mapya ni alama ya moto wa kiwandani. Nakutajia hili pia kwa sababu kuna dawa za kung'arishia vyombo vya shaba zenye amonia. Usizipeleke karibu na maganda.

Na kuhusu kung'aa, mdogo wangu. Pini za chuma zinaondoa masizi yote ndani ya shingo, na yale masizi yalikuwa yanakusaidia. Brasi tupu na shaba tupu vikikutana vinang'ang'aniana, na risasi ikikaa miezi kabatini vinazidi kushikana. Ama rudi kwenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, ambayo yanaacha utando kidogo, ama chovya shingo kwenye grafaiti kavu kabla ya kukalisha kichwa.

Fanya hivi: maganda 20 ya kiwanda kimoja, yalainishe kwa moto siku moja, bushi, mandreli, grafaiti. Baruti usiiguse, ibaki ileile. Lakini shingo ikibadilika shinikizo nalo linaweza kubadilika, kwa hiyo kama ulikuwa karibu na kipimo cha juu cha baruti kitabuni, shuka kwanza, uanze upya kutoka chini. Kisha rudi kwenye kipima mwendo. Kwa kichwa chako na mwendo wa kama futi 2,600, tofauti ya futi 50 peke yake inakupa takriban inchi 4 hadi 5 za juu na chini kwenye yadi 600. Ndiyo vifungo vyako vya kanzu. Na pima kwa maikromita, kwa sababu kalipa ya kidijitali inaweza kukosea kwa thau nzima, na nusu ya ugomvi wako wote ni thau nzima.

Namba unayoitaka? Anza na mbano wa thau 2. Ukiona kwa thau 3 matundu yanakaa pamoja zaidi, kaa na 3. Sijali.

Habari Fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi kando ya Houston. Tunawinda nguruwe pori kwenye shamba la shemeji yangu kwa bunduki inayojikoki yenyewe, .223. Shemeji amesoma kwamba mabingwa hutumia thau 1 tu au pungufu, na anataka tubadilishe. Tumsikilize?

Nzuri, mama. Mabingwa hao wanaingiza risasi moja moja kwa mkono, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Bunduki yenu inaichota risasi kutoka kwenye magazini na kuisukuma kwa nguvu hadi ncha inagonga njia ya kuingilia chemba. Shingo ikiwa legevu kichwa kinazama ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua, na shinikizo linapanda. Hapo hatuzungumzii tena kulenga vizuri.

Kaeni kwenye thau 3 hivi, na kila mara mnapobadilisha kitu jaribuni hivi: pima urefu wa risasi kamili, ikandamize ncha kwenye ubao wa meza kwa nguvu ya mkono, pima tena. Ikifupika, kundi hilo lote lirudi kwenye presi. Fanyeni kwa risasi kadhaa, si moja.

Bunduki zenye magazini ya bomba chini ya mtutu, kama zile za .30-30, risasi zinapangana ncha kwa kitako na kusukumana kila unapofyatua, kwa hiyo hapo mdomo wa ganda hukunjwa kidogo kuingia kwenye mfereji wa kichwa. Hali kadhalika zile kubwa za kuwindia nyati. Mwenye .375 H&H, risasi ya tangu 1912 ambayo wawindaji wa kwetu wanaijua vizuri, anapofyatua ya kwanza, zilizobaki magazini zinapigwa na teke lilelile analolipata bega lake. Hakuna mbano wa shingo peke yake ninaoweza kuuamini mbele ya nyati aliyejeruhiwa.

Mambo vipi Fundi, nipo Minneapolis. Rafiki yangu anakalisha vichwa virefu hadi viguse mistari iliyochongwa ndani ya mtutu, shingo anaiacha laini sana, anasema mtutu wenyewe ndio unamalizia kukikalisha kichwa. Anapiga vizuri kuliko mimi. Kuna ubaya?

Poa, kijana. Ubaya upo, nami nimeuonja. Ilikuwa Februari, uwanja wa klabu moja kaskazini ya Ohio, baridi ya kukausha machozi. Nilikuwa kwenye mtindo huohuo wa rafiki yako: shingo ya thau moja, kichwa kimesukumwa kwenye mistari. Nimeshafunga bolti, ile komeo inayoziba nyuma ya risasi, msimamizi akatangaza kusimama, mtu anataka kwenda kubandika karatasi mpya. Nikafungua bolti kutoa risasi kama sheria inavyotaka. Ganda likatoka. Kichwa kikabaki mtutuni. Baruti yote ikamwagika ndani ya bunduki, kwenye magazini, kwenye njia za bolti, kila punje ikitafuta ufa wake. Nilimaliza asubuhi ile kwenye meza ya nyuma, na fimbo ya kusafishia, brashi ya meno, na wazee watatu waliosimama kunisimulia jinsi yalivyowapata wao mwaka fulani.

Mimi nilikuwa na bahati, kwa sababu nililijua. Mwenye haraka angetia risasi nyingine nyuma ya kichwa kilichoziba mtutu.

Rafiki yako hakosei kwamba kuna mashindano ambayo mtindo huo unashinda. Lakini kichwa kikigusa mistari shinikizo linapanda kuliko kikiwa na nafasi ya kuruka, kwa hiyo kipimo chake cha baruti hakiwezi kuwa kilekile cha risasi fupi. Kama bunduki yako ni ya kuwindia, au unakwenda popote ambapo huenda ukaitoa risasi bila kuipiga, acha nafasi na uache shingo ishike. Mimi nilirudi thau 20 nyuma ya mistari. Kwenye yadi 600 za uwanja wa Camp Perry, upepo wa Ziwa Erie uliendelea kunipotosha kwa kiasi kilekile kama zamani.

Fundi, Desemba nakwenda Arusha likizo. Naweza kubeba presi na vifaa nimfundishe baba mdogo? Na je, hapa Marekani nikimjazia rafiki risasi kwa malipo kidogo?

La kwanza: acha presi nyumbani. Sheria za silaha, Tanzania na hata Kenya, haziruhusu mtu binafsi kutengeneza risasi bila leseni, na hutaki kumweleza afisa wa forodha wa KIA nini maana ya thau. La pili: kujaza kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya serikali kuu, ila ukianza kutengeneza na kuuza, leseni inahitajika. Na wewe uliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, soma sheria kabla hujashika hata risasi moja. Kwa kawaida hairuhusiwi, isipokuwa kwa njia chache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani yuko salama kwenye hilo.

Salaam kaka. Mimi si mpigaji. Niko Toronto. Mume wangu anajaza risasi kwenye meza ya kulia chakula, na juzi nimekuta chekecheke yangu ya unga anachekechea maganda. Anasema ni vumbi la magunzi tu, magunzi ni chakula. Mwambie.

Namwambia. Shemeji, fataki za kawaida zina risasi, yaani ile metali, na zikifyatuka zinaacha masizi yake ndani ya ganda. Ukiyazungusha maganda kwenye magunzi, vumbi lote linakuwa na hiyo sumu, na watoto ndio wanaodhurika haraka zaidi. Mashine ya kuzungusha itoke nje ya nyumba au iende gereji, ikiwa na kifuniko. Tupia magunzi tone la maji au kipande cha kitambaa chenye unyevu ili vumbi lisiruke. Nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa mkate, na nguo za benchi zisifuliwe pamoja na za watoto. Meza ya chakula, futa kwa kitambaa chenye maji, kitupe, na usirudi hapo.

Dada, chekecheke hiyo usiioshe ukadhani imepona. Ni yake sasa. Akununulie mbili mpya, na hii ya zamani aiandike jina lake kwa rangi nyekundu.